Mkata Nta na Makoti Aliyofua Mama

Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kukata vipande vya watu. Ndivyo alivyowajibu wageni waliomuuliza anafanya nini pale hospitali, kisha akanyamaza kuona kama watathubutu kuuliza zaidi. Ukweli wenyewe ni mpole kuliko maneno hayo. Madaktari wa upasuaji wakitoa uvimbe, huutia kwenye fomalini, dawa ya kuzuia kuoza, na kuuteremsha maabara, ghorofa ya chini kabisa. Huko kinyama hukamuliwa maji yake, huogeshwa zailini, dawa kali ya kuondoa mafuta, kisha humiminiwa nta ya moto mpaka kigandie ndani ya mche mdogo wa nta, mfano wa kipande cha sabuni ya kufulia kilichobaki mwisho wa wiki. Yeye aliufunga mche huo kwenye mashine, akazungusha mkono wa mashine polepole, na wembe ukatoa utepe mwembamba hivi kwamba mtu akipiga chafya unapotea. Utepe aliulaza juu ya beseni la maji ya uvuguvugu, ukanyooka wenyewe, akauvua kwa kipande cha kioo. Juu, daktari aliutazama kwa hadubini na kuandika ni ugonjwa gani. Yeye hakuandika kitu. Hospitali nzima ilimwita Mkata Nta, na hata waliolijua jina lake walikuwa wameacha kulitumia.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na mitatu, bado anakaa kwa mama yake. Baba yao alikuwa ameshafariki. Kaka yake, fundi wa mafriji, alimzidi umri kwa miaka kumi na minne na alikuwa na mji wake mtaa wa pili. Kila Ijumaa kijana alirudi na makoti mawili meupe ndani ya mfuko wa plastiki, na kila Jumamosi asubuhi mama aliyafua kwa mikono yake, akayaanika, akayapiga pasi. Alimwambia mama kwamba hospitali ina dobi. Mama alimjibu kwamba dobi wa hospitali hajui kola. Mambo yakaenda hivyo miaka tisa, mpaka kijana akaoa; na hata baada ya kuoa aliendelea kupeleka makoti kwa mama miezi kadhaa, jambo ambalo mkewe hakulipenda lakini alilimeza.

Mama alipofika miaka sitini na miwili akaanza kujifunga mtandio shingoni hata jikoni. Shemeji wa Mkata Nta, yaani mke wa kaka, ndiye aliyeufunua siku moja wakichambua mchele. Chini yake kulikuwa na uvimbe wa ukubwa wa ndimu. Kaka alikasirika, akasema mficha maradhi kifo humuumbua, akampeleka mama hospitali asubuhi yake. Wiki tatu baadaye alipasuliwa.

Kipande kiliteremka maabara siku ya Jumanne. Mkata Nta alisoma fomu kama alivyosoma fomu zote, kwanza namba, kisha jina. Kanuni ilikuwa wazi: kipande cha ndugu yako unampa mwenzako akikate. Mwenzake alikuwa amekaa mezani hatua nne kutoka pale, anakunywa chai. Hakumpa. Baadaye alimweleza mkewe kwamba aliogopa mtu mwingine asije akakikata vibaya, kikapasuka, daktari akakosa kuona vizuri. Alikata tepe tatu. Zilitoka safi, hazikuwa na mkunjo hata mmoja, akazivua kwa kioo moja baada ya nyingine. Namba ya mche ule aliishika kichwani bila kukusudia.

Majibu yalisema saratani ya tezi ya shingo, nayo ilikuwa imeshatoka nje ya tezi. Mama aliishi miezi kumi na minne zaidi.

Siku ya tatu baada ya maziko, ndugu wakiwa bado wamejaa sebuleni, kaka aliongea akiwa amekaa kwenye kiti cha mama. Alisema kuna watu hufanya kazi na magonjwa kutwa nzima, dawa kali zinawaganda kwenye nguo, kisha wanamletea mzazi awafulie. Alisema miaka tisa si siku tisa. Hakumtaja mtu. Watu wote wakatazama chini, na mama mdogo mmoja akajifanya kikohozi kimembana. Mkata Nta hakujibu. Wengi walidhani ni heshima kwa mkubwa wake. Haikuwa heshima. Alichokisema kaka ndicho alichokuwa akijiambia mwenyewe tangu Jumanne ile ya kukata, na mtu hawezi kumbishia mwenzake maneno ambayo tayari ameshajikatia nayo hukumu.

Tangu hapo makoti yake aliyafua mwenyewe, kazini, kwenye sinki la chuma, akayavaa yakiwa na kola zilizokunjamana. Na ndugu hao wawili wakaanza kupeana kisogo. Walisalimiana kwenye harusi na misiba, salamu ya ncha ya ulimi, kisha kila mmoja akatafuta kiti cha mbali. Hali hiyo ilidumu miaka kumi na moja.

Katika miaka hiyo jambo moja lilitokea kazini ambalo wakati ule lilionekana dogo. Uongozi ulitaka nafasi, ukaagiza miche yote ya nta iliyopita miaka mitano ikachomwe. Mkata Nta aliomba apewe chumba kilichokuwa cha kufulia, ambacho hakikuwa na mtu wa kukitaka kwa sababu ya unyevu. Akaipanga huko miche elfu arobaini na kitu, droo baada ya droo, akakausha hewa ya chumba kwa feni mbili za mezani. Wenzake walimcheka kwamba analea miche isiyoota. Alisema tu kwamba kipande cha mtu kikishachomwa hakuna wa kukirudisha.

Ndiyo maana mtafiti alipokuja alimkuta yeye. Alikuwa daktari mwanamke, bado kijana, mwenye orodha ya namba mia tatu na kumi na mbili, watu wote waliowahi kuugua saratani ya tezi ya shingo hapo hospitali. Alitaka tepe chache kutoka kila mche, tena sehemu mbili: uvimbe wenyewe, na nyama nzima iliyo kando yake. Nyama nzima, alieleza, ndiyo inayoonyesha mtu alizaliwa na nini. Uvimbe huonyesha kilichoharibika baadaye.

Mkata Nta alipitisha kidole kwenye orodha. Ukurasa wa nne kidole kikasimama. Akamwambia, bila kupandisha wala kushusha sauti, kwamba namba ile ni ya mama yake mzazi.

Mtafiti aliweka kalamu chini. Alisema hakujua, maana yeye hupewa namba tupu. Kisha akaangalia jalada lake. Kwa kila marehemu, hospitali ilikuwa imemwandikia ndugu aliyetajwa kwenye faili kuomba ridhaa. Kwa namba ile barua tatu zilikuwa zimetumwa na hakuna jibu lililorudi. Ndugu aliyetajwa alikuwa mtoto wa kwanza, fundi wa mafriji.

"Bila sahihi yake naiacha," alisema mtafiti. "Sitakulazimisha umfuate."

Mkata Nta alikaa na jambo hilo siku tisa. Mkewe, ambaye hakuwa mtu wa kuzunguka, alimwambia kwamba kama anaogopa kufukuzwa, basi miaka kumi na moja ameshafukuzwa, hakuna pa kufukuzwa tena. Jumamosi akapiga moyo konde, akaenda.

Karakana ya kaka ilikuwa na mafriji saba yamefunguliwa migongo. Kaka alikuwa amepiga goti nyuma ya mojawapo, tochi mdomoni. Aliitikia shikamoo, akaendelea na kazi. Mkata Nta alieleza akiwa amesimama. Kaka akatoa tochi mdomoni.

"Barua nilizipata," alisema. "Wanataka nini tena kwake? Si wameshamaliza?"

"Kimebaki kipande, kaka. Wanataka kukipima."

"Kimebaki? Wapi?"

"Ninacho mimi. Kazini."

Kaka alimtazama kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyomtazama fundi mwenzake aliyesema neno la kushangaza juu ya mashine anayoijua. Akasema Alhamisi ana kazi upande ule wa mji. Atapita akione.

Alikuja kweli, na begi la vifaa begani. Mkata Nta alivuta droo, akatoa mche, akauweka kwenye kiganja cha kaka yake. Katikati ya nta kulikuwa na kitu cha rangi ya kahawa, upana wa punje ya maharage. Kaka aliugeuza huku na huku. Aliuliza kama ni hicho tu. Akajibiwa ni hicho tu. Mkewe alipomuuliza jioni ile aliona nini, kaka alisema alitegemea kuona kitu cha kutisha, akaona kitu cha kuonea huruma.

Kutoka hapo wakaingia chumba cha kukatia, naye kaka akanusa hewa, kama mtu wa kazi yake. Aliuliza harufu ile kali ni ya nini, akaambiwa zailini. Akaangalia juu, kwenye feni ya ukutani ya kutolea hewa, akachana karatasi, akapanda kiti, akaiweka mbele ya wavu wa feni. Karatasi ikaanguka.

"Haivuti," alisema. "Inazunguka tu. Tangu lini?"

Mkata Nta alisema hana hakika. Labda tangu alipoanza kazi.

Kaka akashuka kwenye kiti. Wakapanda kwa mtafiti.

Chumba cha mtafiti kilikuwa na meza, viti vitatu na dirisha linaloangalia maegesho. Alianza kueleza, na kwa kuwa alikuwa ameshawaeleza watu wengi alijua pa kuanzia. Alisema watu wakisikia jeni hufikiri juu ya zile zinazotengeneza protini, zile zinazojenga mwili. Hizo ni sehemu ndogo. Ziko nyingine ambazo hazitengenezi protini yoyote. Hutoa RNA fupi tu, yaani nakala za maagizo ya jeni, vijipande vidogo mno, na zamani wataalamu walizipita kama mabaki. Kumbe vijipande hivyo huenda kuzibana jeni nyingine, zipunguze kazi au zisimame. Mtu anaweza kurithi jeni kama hiyo ikiwa na herufi moja ya maagizo yake iliyobadilika. Kwa kawaida hapati shida yoyote. Lakini kwa baadhi ya saratani, ikiwemo ya tezi ya shingo, inaonekana waliorithi herufi hiyo huugua kwa wingi unaozidi wengine kidogo. Kidogo, alirudia.

Kaka alikuwa amekunja mikono. "Kama thamostati," alisema.

Mtafiti alimwomba aendelee.

"Thamostati haipozi kitu. Inaiambia kompresa, ile mota ya friji, lini ifanye kazi, lini ipumzike. Ikikosea digrii moja friji haifi siku hiyo. Inaweza isife kabisa. Lakini kompresa inachoka."

Mtafiti alisema ndivyo hasa, na kwamba atauiba mfano huo. Kisha akachukua karatasi kubwa na kuanza kuchora ukoo: miraba kwa wanaume, miduara kwa wanawake. Mama katikati. Aliuliza juu ya ndugu zake mama. Mkata Nta alijua habari chache. Wengi walikufa kabla hajapata akili. Kaka ndiye aliyejibu. Mama mkubwa, dada yake mama, alifariki akiwa na miaka hamsini na kitu. Kwa ugonjwa gani? Kaka alisema watu walisema ni koo. Alikuwa hamezi. Mtafiti akapaka nusu ya mduara kwa kalamu. Na babu?

"Babu mzaa mama," kaka alianza, kisha akakatisha. Alitazama maegesho. "Babu alikuwa anafunga skafu. Hata jua la saa saba. Tulipokuwa watoto tulikuwa tukimcheka. Aliwahi kuniita niiguse shingo yake, nikakimbia."

Mtafiti alichora alama kwenye mraba wa babu. Babu hakuwahi kufanya kazi hospitali, wala mama mkubwa hakuwahi kufua koti la mtu wa maabara. Jambo hilo halikuhitaji mtu wa kulisema.

Mkata Nta ndiye aliyeuliza lililobaki. Aliuliza juu ya makoti. Alieleza kila kitu, dawa, miaka tisa, sinki la nyumbani, akiwa anaongea na mtafiti lakini macho yakiwa mezani.

"Siwezi kukuambia hayakuchangia," alisema mtafiti. "Sikuyapima, na sasa hayapimiki. Siwezi pia kukuambia yalichangia. Nikikupa jibu lolote hapo nitakuwa nakudanganya."

Mkata Nta alisema baadaye kwamba jibu hilo lilimtua mzigo kuliko ambavyo msamaha ungemtua. Watu wote waliowahi kumfariji walikuwa na hakika kwamba hana kosa, na kaka alikuwa na hakika kwamba analo. Huyu alikuwa wa kwanza kukiri kwamba hajui.

Kaka alisaini. Mche wa mama ulikatwa na yule mwenzake Mkata Nta, safari hii kwa kufuata kanuni, naye mwenyewe akatoka nje kwa dakika ishirini. Kaka alirudi Jumatatu iliyofuata bila kuitwa, akaishusha feni ya ukutani, akakuta mkanda umelegea na njia ya hewa imezibwa na kiota cha zamani cha ndege. Alifanya kazi mpaka saa nane. Akiwa juu ya ngazi, mgongo kwa mdogo wake, alisema, "Mama alipenda kufua. Hata ungekuwa muuza duka angekufulia." Kisha akaomba bisibisi. Hayo ndiyo maneno pekee aliyowahi kuyatoa kuhusu yale ya sebuleni, na Mkata Nta hakuyaomba mengine.

Matokeo yalichukua mwaka na nusu. Ndugu waliotaka kujua ya kwao waliruhusiwa kuomba kwa maandishi na kutoa mate kwenye kichupa. Wote wawili walitoa. Siku ya majibu waliingia pamoja, ingawa mtafiti alitaka mmoja mmoja. Kaka alisema hawana siri, kauli ambayo mtu aliyewajua miaka kumi na moja ya nyuma angeicheka.

Mama alikuwa na nakala moja ya jeni ile yenye herufi iliyobadilika. Mzazi humpa mtoto nakala moja katika mbili, alieleza mtafiti, kama kurusha sarafu, na kila mtoto hurushiwa upya. Kaka alikuwa nayo. Mkata Nta hakuwa nayo.

Kaka aliangalia karatasi, akaangalia mdogo wake. "Basi mimi ndiye mrithi," alisema. "Kifungua mimba hachukui vya kuokota."

Mtafiti alitabasamu lakini hakuacha jambo lipite kwa mzaha. Kwa hesabu zao za hapo, alisema, kati ya watu elfu wasio na herufi hiyo huenda saba wakaugua maishani. Kati ya elfu walio nayo, tisa. Wenzao kwingine wamepata tofauti kubwa zaidi, wengine hawakupata tofauti yoyote. Herufi peke yake isingemfanya amwite mtu kuja kupimwa. Kilichomfanya amwambie kaka aende altrasaundi ni ile karatasi ya miraba na miduara: babu, mama mkubwa, mama. Kumbukumbu ya kaka ilikuwa na uzito kuliko mate yake. Na kwa sababu hiyo hiyo Mkata Nta naye aende. Asidhani amepona kitu ambacho hakuwa nacho; familia inaweza kuwa imebeba mengine ambayo bado hayajajulikana.

Wakiwa kwenye ngazi kushuka, kaka aliuliza mdogo wake anajisikiaje kuwa msafi. Mkata Nta alifikiri. Alisema anajisikia kama mtu aliyeachwa kwenye mgawo. Kaka akasema mgawo wenyewe huu aliyeachwa ashukuru.

Altrasaundi ilionyesha kwamba shingo ya Mkata Nta haina kitu. Ya kaka ilikuwa na kinundu cha milimita nne upande wa kulia. Kinundu cha namna hiyo, alisema aliyewapima, hupatikana kwa watu wengi wa umri wake na mara nyingi si kitu, hakitobolewi, kinaangaliwa. Arudi baada ya mwaka. Kaka, ambaye alikuwa akiwaambia wateja wake kila siku kwamba kelele ndogo kwenye friji iachwe kwanza isikilizwe, hakupenda kuambiwa yeye maneno hayo. Wiki mbili alikuwa akijipapasa shingo kwenye kioo cha bafuni mpaka mkewe akakigeuza kioo kikatazama ukuta.

Watoto wake watatu aliwaita siku moja mchana, akawaeleza yote, kuanzia skafu ya babu. Binti wa pili aliuliza kama naye atoe mate. Kaka akampigia simu mdogo wake, akaweka sauti wazi ili wote wasikie. Mkata Nta alimwambia yale aliyoyasikia kwa mtafiti: kipimo hicho hakitabadili dawa wala tarehe, akumbuke tu shingo za upande wa bibi yake, na akimwona daktari kwa jambo lolote azitaje. Binti alisema baba mdogo amekuwa daktari. Akasema hapana, yeye ni mkata nta.

Sasa Mkata Nta amebakiza miaka sita astaafu. Kaka ameshapimwa mara tatu. Kinundu bado ni milimita nne. Mwaka mmoja mashine ilisema tano, kaka akakosa usingizi, mwaka uliofuata ikasema nne tena. Mara ya mwisho aliyempima alisema sasa inatosha kuja kila baada ya miaka miwili. Kaka alisema atakuja kila mwaka kama kawaida, wampime wasimpime, na akamgeukia mdogo wake aliyekuwa amemsubiri kwenye benchi la korido, akamuuliza Alhamisi ya mwakani kama yuko zamu.

Yupo, alijibu. Wakatoka nje kutafuta chai.